Shoo ya vipaji kanisani Mikindani: nendeni, lakini hao majaji waangaliwe

Wengi mmeniuliza kama ile shoo ya vipaji ya kanisani hapa Mikindani, Mombasa, inafaa kwenda wakifanya tena, jibu langu ni nendeni. Mlangoni ilikuwa mia mbili, watoto hamsini, na pesa inaenda kwa mabati ya darasa la sande skuli manake pale mvua ya masika ikianza watoto wanasongamana upande mmoja wote. Mia mbili yangu siidai.

Tangazo lilisema saa nane, tumekuja kuanza saa tisa na nusu. Kwa joto hili la kaskazi, ukumbi wa mabati, feni mbili, jamani wazee waliinuka wakatoka nje kutafuta upepo. Hilo sio jambo la kuombea msamaha kwa maiki kisha mwaka ujao linarudiwa, mkisema saa nane iwe saa nane. Tulipoanza haukupita muda adhana ya alasiri ikasikika msikiti wa jirani, emsii akanyamaza mpaka ikaisha ndio akaendelea, na ilifaa hivyo manake viti vya nyuma vilikuwa vimejaa majirani zetu Waislamu wamekuja kuwashangilia watoto wanaosoma na wao.

Sasa kilichonimaliza mimi ni mzee mmoja ambaye sisi tunamjua kwa kupitisha kapu la sadaka tu, wengine hata sauti yake hatujawahi kuisikia, huyo mzee akapanda na kayamba. Hakuleta flashi wala kwaya nyuma yake. Akaketi kwa kiti cha plastiki, akalishika kwa mikono miwili lile kayamba la matete, kamba zake zimechakaa pembeni, akaanza kulilaza kushoto kulia polepole mbegu zinateremka ndani kama mvua inayokuja kutoka mbali, huku vidole gumba vinagonga katikati kuweka mdundo. Kisha akaingia mwanzele, ile ngoma ya Wamijikenda. Hakumaliza hata mstari wa tatu kina mama wa Kirabai na Kigiriama wakaanza kumuitikia kutoka huko walipokaa, hakuna aliyewaomba, wakainuka mabega yanacheza, na mimi ambaye Kirabai chenyewe nashika neno hapa neno pale nikajikuta nalia. Nawaambia ukweli, kwa hiyo dakika chache peke yake ningelipa mara mbili.

Majaji wakampa nambari nne. Nne! Mbele yake wamewekwa vijana waliofungulia wimbo wa watu kwa flashi wakawa wanafungua midomo tu na kucheza, na jaji mmoja alikuwa na mtoto wake hapo hapo jukwaani akishindana. Vijana siwalaumu, walifanya mazoezi na wanacheza vizuri, lakini anayesema anaimba aimbe. Waandalizi semeni alama zinatolewa kwa vigezo gani kabla mtu wa kwanza hajapanda, na mwenye mtoto jukwaani asikae meza ya majaji, hilo halihitaji hata kamati.

Pia kuna yule msichana wa gredi ya nne aliyeghani shairi lake mwenyewe la kivuko cha Likoni. Mizani kumi na sita kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vimetulia kabisa, huu ni mji wa Muyaka, yule mshairi wa kale wa Mombasa, na ushairi bado uko hai kumbe. Ubeti wa pili maiki ikapiga mluzi ukumbi mzima ukaziba masikio, mtoto akasimama, akangoja ikanyamaza, akaanza ubeti ule upya bila kutetemeka. Ile mluzi iliandama kila mtu jioni nzima na sababu inaonekana kwa macho, spika zilikuwa zimewekwa nyuma ya waimbaji kwa hivyo maiki inasikia spika, spika inasikia maiki, inazunguka hivyo. Zisogezwe mbele ya jukwaa zitazame watu, haigharimu shilingi.

Chakula kilikuwa cha kina mama wa kanisa na hapo sina neno. Viazi karai vya moto, unga wake mwembamba sio ule wa kuficha kiazi, ukwaju wenye pilipili ya kweli, na juisi ya bungo baridi iliyoisha mapema sana, pikeni nyingi zaidi. Mahamri yalikuwepo pia, ya kawaida.

Wakitangaza nyingine nunueni tiketi kwa vijana wa kanisa siku za katikati ya wiki manake mlangoni foleni ilikuwa ndefu na chenji hawana, na mkae upande wa kulia karibu na madirisha, huko upepo unaingia kidogo.