Msaada wa bure Argyle, ila yule wa mapokezi jamani!!

Nimewapa nyota moja, nikipoa labda nitaongeza. Kuna shirika hapa Chicago, Uptown, mtaa wa Argyle kwenye maduka ya Wavietnamu, jina silitaji. Wanasaidia Waasia na wahamiaji wengine bure kabisa, fomu za uraia, kodi, darasa la Kiingereza. Nikampeleka mamangu kujaza N-400, fomu ya kuomba uraia. Sisi tumetokea Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, na mkimbizi miaka yake mitano ya kusubiri uraia inahesabiwa tangu alipotua Marekani, sio tangu apate grinikadi, kwa hiyo mama alishatimiza.

Sasa yule dada wa mapokezi. Mama kamsalimia, kamkabidhi karatasi kwa mikono miwili, dada hata macho hajainua, anazirudisha kwa kuzisukuma na ncha ya kalamu, eti hapa ni kwa Waasia. Na ukutani nyuma yake kuna bango la kukaribisha watu kwa lugha kibao, Kiswahili kimo! Nikamwonyesha bango lake mwenyewe. Akaanza kumpigia mama kelele kwa Kiingereza, neno moja moja, watu wote wa foleni wanageuka. Mamangu masikio yake mazima, Kiingereza tu ndio hana. Nilitaka tuondoke, wallahi, mama akagoma, kajikalia zake kwenye kiti na mkoba mapajani.

Akashuka mzee mmoja Mvietnamu, wa kujitolea, akapiga simu akapatikana mkalimani wa Kiswahili, akaenda nasi swali kwa swali mpaka fomu ikaisha. Ndiye aliyetuambia mtu anayepokea fudistempu, ule msaada wa chakula wa serikali, anaweza kuomba asamehewe ada kwa fomu I-912, maana ada yenyewe dola 760 ukituma kwa karatasi, mama azitoe wapi? Barua ya fudistempu akaitoa kopi mwenyewe, hakutaka hata hela ya soda. Wakati huku mtaani kuna ndugu zetu wanakuchaji mamia kujaza hizohizo fomu na tarehe ya kuzaliwa wanakosea.

Haya, nyota nne. Halafu tunatoka namkuta yule dada anachekelea simu yake, hata pole hakuna!! Nimezirudisha mbili.

Tena mama kajiandikisha darasa la Kiingereza palepale, anasema mwanangu achana naye yule. Sawa, nitakuwa namshusha nje, mimi ndani siingii. Mkienda nyie ulizieni yule mzee wa juu, pale mapokezi msipoteze muda.