Mbuzi ya nazi kwenye ghorofa ya tatu: uzoefu wangu wa miezi minane

Mimi si mtu wa kusifia kitu kwa sababu tu bibi alikitumia. Kinu nilikiacha kwa mama bila majonzi, na jiko la mkaa nikiliona kwa mbali tu macho yananiwasha. Lakini mbuzi ya nazi nimeinunua mwenyewe, kwa hela yangu, huku blenda nzima iko jikoni, na watu wameniuliza sana kulikoni. Nimeitumia miezi minane sasa. Haya ndiyo niliyoyaona.

Chanzo ni nazi za futari. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Ramadhani, nikaenda sokoni Buguruni. Siku hizi ukinunua nazi unakuniwa palepale kwa mashine ya umeme: inapasuliwa, inabandikwa kwenye chuma kinachozunguka, kufumba na kufumbua umeshakabidhiwa mzigo wako. Nilichagua nazi zangu mbili kwa taratibu zote nilizofundishwa. Nikazitikisa sikioni nisikie maji, nikatazama macho yake kama hayana unyevu, nikazipima uzito mkononi. Kijana akazipokea, foleni ya kina mama nyuma yangu ndefu, akakuna, akanipa. Kufika nyumbani, tui likatoka na harufu ya mafuta yaliyochacha. Wahenga walishasema nazi mbovu harabu ya nzima, lakini angalau wao waliiona hiyo mbovu. Mimi nazi ilishakunwa, kilichobaki ni weupe tu, na weupe hausemi umetoka kifuu gani. Sufuria zima la magimbi likaharibika dakika kumi kabla ya adhana. Usiku ule niliapa nazi yangu nitaipasua mwenyewe na kuikuna mwenyewe.

Wauza vyombo vya miti wapo hukohuko sokoni, wamepanga miiko, vibao vya chapati, vinu na mbuzi. Kijana alianzia 25,000. "Mninga mtupu huu, mama yangu, hii mjukuu wako atairithi." Nikainyanyua. Nyepesi, na rangi yake imepauka kama chai iliyozidi maziwa. Mninga nimeukalia tangu utotoni kwenye makochi ya baba, uzito wake naujua. Huo ulikuwa mwembe. Nikamwambia, "Mwembe huu, mwanangu, tena haujakauka vizuri." Akacheka, hakubisha, tukamalizana kwa 18,000. Sijutii. Mwembe kwa kazi hii unatosha kabisa, ila ujue unacholipia.

Safari ya kurudi nayo ilistahili tiketi yake. Konda wa daladala ya Makumbusho aliniona nikipanda, akapaza sauti, "Mama, na huyo mbuzi naye nauli!" Gari zima likaangua kicheko. Kijana aliyekaa siti ya nyuma yangu akadakia, "Anang'ata huyo, mgeuzie dirishani!" Nikauviringisha ule ulimi wa chuma kwa khanga nisije nikamchana mtu. Nimewahi kupanda daladala na blenda ndani ya boksi lake, hakuna aliyenisemesha. Na mbuzi, tulipofika Ilala nilikuwa nimeshajua kuwa dada wa kushoto ameiacha yake Lindi, mkwe wa yule wa mbele yake ilipotea siku ya kuhama, na mzee mmoja anataka kujua nimeuziwa bei gani ili anikemee.

Kwa wasioijua (nina mpwa wa miaka ishirini aliyedhani ni kigoda kilichokosewa): ni vibao viwili vilivyopitishana katikati, vinafunguka na kukunjika kama marufaa ya kuwekea msahafu. Juu unakaa wewe, chini inasimama yenyewe, na mbele panachomoza ulimi wa chuma bapa wenye meno kwenye ncha. Unaweka sinia chini ya meno, unashika kifuu kwa mikono miwili, unakizungusha. Hakuna kingine. Hakuna kitabu cha maelekezo, na hapo ndipo nilipokwama.

Nazi ya kwanza usiile. Mimi niliila, au tuseme nilijaribu. Chuma kipya bado kina masizi ya mhunzi na vipele vya tindo, nazi ikatoka na michirizi myeusi kama wino uliomwagikia chumvi. Nilipompigia mama simu akashangaa kwamba sikujua: chuma kinapigwa tupa kidogo, kinasuguliwa kwa ndimu na majivu, halafu unakuna nusu nazi ya kutupa, ndipo unaanza. Majivu nitayatoa wapi mimi na jiko la gesi? Nikatumia chumvi ya mawe. Ikakubali.

Ufundi wenyewe unakuja kwa sikio kuliko kwa mkono. Unaanza ukingoni, unakwenda ukizunguka kuelekea katikati, na sauti inakuwa laini, karibu ya kunong'ona. Ikianza kukwaruza ujue umefika kwenye kile kigozi cha kahawia, geuza upesi kabla tui halijawa la kijivu. Wiki ya kwanza nazi moja ilinichukua zaidi ya dakika kumi na bega likauma siku mbili. Sasa ni dakika tano, hata nikiongea na simu iliyobanwa begani.

Sasa tui. Kwenye blenda unabandua nazi kwa kisu (kovu la kidole gumba changu cha kushoto linatokana na kazi hiyo, si na mbuzi), unaikata vipande, unasaga na maji ya uvuguvugu. Shida ni hayo maji. Bila maji ya kutosha visu havizunguki vizuri, kwa hiyo tui la kwanza linazaliwa tayari limechujuka. Kasimile, lile tui zito la kwanza, huipati. Na mbuzi, nazi inashuka kwenye sinia kama manyoya, unaimwagia kikombe kimoja tu cha maji ya moto, unakamua kwa mkono, inatoka kasimile nzito ya kushika kijiko. Unaiweka pembeni. Tui la pili na la tatu ndiyo yanaivishia, kasimile inaingia mwisho, na ikishaingia hutoki pale: unakoroga, unachota kwa upawa na kumimina, unachota na kumimina, mpaka ichemke bila kukatika.

Nilifanya jaribio. Wali wa aina moja, mchele uleule wa Kyela, sufuria mbili, moja tui la blenda na moja la mbuzi, nikawaita watu wa nyumbani bila kuwaambia kipi ni kipi. Mume wangu alikosea. Binti yangu wa miaka tisa alipatia mara mbili. Kwenye samaki wa kupaka wote walipatia. Kwenye maharage na kisamvu hakuna aliyetofautisha, na mimi mwenyewe sikutofautisha, kwa hiyo siku za kisamvu blenda inafanya kazi na mbuzi inapumzika. Tui la boksi pia lipo kabatini kwa siku ninazorudi saa mbili usiku. Silisemi vibaya. Halijawahi kuniangusha, halijawahi kunifurahisha.

Ubaya wa kwanza wa mbuzi kwenye ghorofa ni kelele, na huu sikuutegemea. Ardhi ya uani inameza sauti. Vigae vinaipeleka kwa majirani. Usiku wa tatu niliamka saa tisa na nusu kuandaa daku, nikakaa jikoni, kru-kru-kru, kru-kru-kru, nimetulia kabisa. Mlango ukagongwa. Nafungua, jirani wa ghorofa ya pili na mumewe, mume ameshika panga. Walidhani kuna watu wanakata nondo za dirisha. Nikasimama pale na kifuu mkononi, sina la kusema zaidi ya "samahanini sana jamani". Jirani mwenyewe ni wa Moshi. Akatazama mbuzi, akatazama sinia, akasema, "Jirani, mtori wetu sisi haujawahi kuhitaji msumeno." Tangu siku hiyo naitandikia mbuzi yangu mkeka uliokunjwa mara nne, na kelele imepungua nusu.

Pale mlangoni ndipo nilipokumbuka kitu ambacho sikuwa nimekifikiria miaka mingi. Nimelelewa Magomeni, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kulia vitatu kushoto, korido katikati kutoka barazani mpaka uani. Familia tano, mbuzi moja. Ilikuwa ya mama mwenye nyumba lakini hakuna aliyeiita yake. Kelele ileile ilianza kila siku saa kumi na moja jioni na hakuna aliyeshika panga. Kwa mlio tulijua nani yuko juu yake: mmoja alikuna kwa hasira, mmoja alikuna huku anaimba, na ukisikia nazi tatu mfululizo ujue kuna mkwe anakuja. Watoto tulizunguka sinia tukigombea yale maji, kikombe kimoja midomo minane. Machicha kwa kuku, vifuu motoni. Hakikutupwa kitu, na si kwa sababu tulikuwa watunza mazingira. Ua ndivyo ulivyopangwa.

Ndiyo maana nikiulizwa kama mbuzi ni nzuri, jibu langu ni kwamba mbuzi haikutengenezwa iwe peke yake. Ilitengenezwa na ua wake: kuku, moto wa kuni, mtoto wa kutumwa, mtu wa kupokezana naye bega likichoka. Ukiipandisha ghorofani peke yake unaleta kipande tu. Wiki za mwanzo ndoo yangu ya taka ilijaa vifuu, na machicha nikawa nayamwaga huku roho inaniuma, mpaka mlinzi wa getini akanisimamisha na kuniuliza kama yale yana mwenyewe. Kumbe ana kuku wanne nyuma ya tenki la maji. Sasa anapata machicha yangu yote, na mara mbili ameniletea mayai, akigoma kabisa kupokea hela.

Mji huu una mahali panaitwa Mnazi Mmoja na pengine panaitwa Minazi Mirefu, na wengi wetu tunaokaa humo tunanunua tui dukani. Sishangai, hata mimi nimo. Kule Magomeni Kota, zile kota za zamani zilivunjwa, na tangu 2022 yamefunguliwa maghorofa ya kaya 644. Kila nikipita pale natazama juu kwenye vibaraza, nahesabu nguo zilizoanikwa, na najiuliza ni mbuzi ngapi zilipanda na watu na ngapi ziliachwa chini siku ya kuhama.

Turudi kwenye kifaa. Mwezi wa tatu msumari unaoshika ulimi ulilegea, chuma kikawa kinacheza. Seremala wa mtaani akang'oa msumari, akatia bolti mbili, 2,000, haijatikisika tena. Afadhali ufanye hivyo tangu siku ya kwanza. Kutu ni vita vya kila siku kwa hewa hii ya chumvi. Ukimaliza kukuna futa, kausha, paka mafuta ya nazi kidogo. Usiiache wazi sakafuni hata dakika moja kama una watoto, mimi naitundika msumarini nyuma ya mlango wa stoo, meno yakitazama ukuta. Na kama magoti au kiuno vinakusumbua, usijitese. Kikao chake ni cha chini mno, na mtu wa zaidi ya miaka arobaini anainuka kwa hatua mbili: kwanza anapiga magoti, halafu anaita mtu.

Nyota nne kwa tui, mbili kwa sakafu ya vigae. Aliye na ua hahitaji maoni yangu, anayo tayari.

Anayeiazima kuliko wote ni yule jirani wa mtori. Alianza kwa kuonja wali wangu, akaja kuuliza namna ya kushika kifuu, na baadaye akaacha kuuliza. Leo Jumamosi nimepasua nazi mbili tangu saa tano, maji yake watoto wameshayanywa, na mbuzi iko ghorofa ya pili tangu Alhamisi. Nimemtuma binti yangu akaifuate. Amerudi mikono mitupu.

"Mama, anasema anamalizia. Halafu anauliza kama una nazi moja ya kumwazima."