FreeStyle Libre 2 kwenye mkono wa mtoto: mshale kwanza, namba baadaye

Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hupimwa sukari akiamka, kabla ya kila mlo, kabla na baada ya kucheza, kabla ya kulala, na kila anapobadilika ghafla: kanuna bila sababu, jasho linamtoka, mikono inatetemeka. Kwa glukometa ya kawaida ni vidole sita hadi kumi kwa siku, na bado katikati ya kipimo kimoja na kingine ni giza tupu. FreeStyle Libre 2, sensa ya sukari ya kubandika mkononi ya kampuni ya Abbott, inamulika giza hilo, na inamulika vizuri. Lakini anayeinunua akidhani ameshaagana na kutoboa vidole atasumbuka. Anayeinunua ili ajue sukari inaelekea wapi hatajuta.

Sensa yenyewe ni kidude cha duara chenye kipenyo cha milimita 35 na unene wa milimita 5. Chini yake kuna uzi laini unaoingia chini ya ngozi kama milimita 5 na kupima glukosi iliyo kwenye majimaji ya kati ya seli, si kwenye damu. Inapima kila dakika, inakaa siku 14, kisha inajizima yenyewe na haiwashwi tena. Imeidhinishwa kwa watoto kuanzia miaka 4. Aliye mdogo zaidi atazamiwe sensa za kampuni nyingine, Dexcom G6 au G7, ambazo huanzia miaka 2.

Hayo majimaji ya kati ya seli ndiyo chanzo cha nusu ya malalamiko yote kuhusu sensa. Glukosi hufika kwenye damu kwanza, ndipo ivuje kwenda huko, kwa hiyo namba inayoonekana iko nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 10. Sukari ikiwa imetulia hutaona tofauti. Ikishuka kwa kasi, sensa itaonyesha namba ya juu kuliko hali halisi, na ikipanda kwa kasi itaonyesha ya chini. Juu ya hapo kuna kosa la kawaida la kifaa: wastani wa tofauti na kipimo cha maabara uliochapishwa kwa watoto ni asilimia 9.7. Mzazi anayesema sensa imekufa kwa sababu inasoma 108 mg/dL (miligramu kwa desilita) na glukometa inasoma 117 anaionea tu. Glukometa nayo, kiwango cha kimataifa kinairuhusu kupotoka hadi asilimia 15 kwenye namba za 100 na zaidi.

Ndiyo maana tunasema mshale kwanza, yaani ule unaoonekana kando ya namba kwenye skrini. Mshale uliolala maana yake sukari inabadilika chini ya 1 mg/dL kwa dakika. Ulioinama ni kati ya 1 na 2. Uliosimama wima ni zaidi ya 2. Chukua mtoto mwenye 110 (6.1 mmol/L) anayetaka kutoka kwenda kucheza. Kwa mshale uliolala, hiyo ni namba nzuri. Kwa mshale wima wa kushuka, dakika 20 baadaye anaweza kuwa 70 au chini yake, naye yuko katikati ya uwanja. Namba ni ileile, maamuzi mawili tofauti kabisa. Glukometa haiwezi kukupa hilo hata ukitoboa vidole vyote kumi.

Mtoto naye hujifunza mishale haraka kuliko namba. Wa miaka 5 asiyejua 68 ni ndogo au kubwa anaweza kufundishwa kwamba mshale unaotazama chini ni wa kumwita mtu mzima.

Pale sukari inaposhuka chini ya 70 (3.9 mmol/L), sensa inaweza kukudanganya kwa namna inayoumiza. Mtoto hupewa sukari ya haraka kwa uzito wake, takriban gramu 0.3 za glukosi kwa kila kilo: wa kilo 20 gramu 6, wa kilo 40 gramu 12. Baada ya dakika 15 damu imeshapanda, lakini sensa bado inaonyesha 62. Mzazi anaongeza, dakika tano baadaye anaongeza tena, na saa moja mbele mtoto yuko 290. Kipimo cha baada ya dakika 15 kifanywe kwenye kidole. Mikono ioshwe kwanza, kwa sababu kidole kilichoshika vidonge vya glukosi kitatoa namba ya uongo ya juu.

Upande wa juu una mtego wake. Saa moja baada ya kula ni kawaida sukari kuwa kileleni, na kabla ya sensa hakuna aliyekuwa akiiona saa hiyo. Sasa 240 iko kwenye skrini, mshale unatazama juu, na mkono unakimbilia kalamu ya insulini. Insulini ya haraka iliyochomwa kabla ya mlo inaendelea kufanya kazi kwa saa 3 hadi 4. Ukiweka dozi juu ya dozi kabla ya muda huo kwisha, unaandaa anguko la jioni. Sensa haijui insulini kiasi gani bado imo mwilini, na programu yake haikuhesabii. Andika dozi na saa, kwenye simu au kwenye daftari, popote.

Kubandika ni kazi ya dakika tano, ingawa haraka huiharibu. Mahali ni nyuma ya mkono wa juu, pasipo na kovu, na angalau sentimita 2.5 kutoka unapochoma sindano ya insulini. Osha kwa sabuni isiyo na mafuta wala manukato, pangusa kwa spiriti, acha pakauke kabisa. Wengi hawasubiri pakauke, kisha wanashangaa gundi imeachia siku ya tatu. Namba za msimbo kwenye pakiti ya sensa na kwenye kibandikio lazima zifanane, maana zikichanganywa kutoka maboksi mawili sensa haitafaa. Linganisha alama mbili nyeusi, sukuma kibandikio ndani ya pakiti juu ya meza imara hadi kikome, kisha usikisukume tena mpaka kiwe kwenye ngozi. Mtoto alegeze mkono. Kaza ngozi, sukuma hadi usikie mlio, subiri sekunde chache, vuta polepole. Tone dogo la damu si tatizo. Damu inayoendelea kutoka kupitia tundu la katikati mara nyingi humaanisha usomaji mbovu na sensa ya kubadilishwa.

Ukiishaiwasha inahitaji dakika 60 za kupasha moto bila kutoa namba yoyote, na siku ya kwanza ndiyo yenye makosa mengi. Toleo la Marekani huonyesha alama ya tone la damu kwa saa 12 za mwanzo kukukumbusha kuthibitisha kwa kidole. Bandika basi siku ambayo mtoto yuko nyumbani na mchana ni mrefu. Kubandika mtoto akiwa anakwenda kulala ni kujitafutia usiku wa kengele za uongo.

Ajali za watoto ni zilezile: fremu za mlango, mikanda ya begi la shule, fulana ya kubana inayovuliwa kwa pupa. Sensa iliyosogezwa nyuma kabisa ya mkono, si ubavuni, hudumu zaidi. Plasta ya kuzuia inafaa mradi usizibe tundu dogo la katikati. Uzi ukichomoka hata nusu, toa sensa yote, usijaribu kuusukuma urudi. Maji si tatizo hadi kina cha mita 1 kwa dakika 30, kwa hiyo kuoga na kuogelea juu juu ni sawa, kupiga mbizi si sawa.

Ngozi ndiyo sababu ya baadhi ya watoto kuacha sensa kabisa. Wekundu unaotoweka ndani ya siku moja baada ya kuitoa ni muwasho tu. Malengelenge au upele wenye umbo la duara kamili la gundi ni mzio, na mtoto apelekwe kwa daktari wa ngozi kabla ya kubandikwa nyingine. Mwaka 2017 wataalamu wa ngozi walieleza kwamba kemikali iitwayo isobornili akrileti ilikuwa ikisababisha mzio huo kwenye Libre ya kwanza. Badilisha mikono kila sensa mpya, na lainisha gundi kwa mafuta ya mtoto badala ya kuibandua kwa nguvu.

Shuleni ndiko uamuzi wa kisomaji (kifaa kidogo cha Abbott cha kusomea sensa) au simu unapoonyesha makali yake. Kengele hulia tu kwenye kifaa kilichowasha sensa. Ukitaka vyote viwili, washa kwa kisomaji kwanza, kisha soma kwa simu ndani ya ile saa moja ya kupasha moto. Kengele zitabaki kwenye kisomaji. Bluetooth hufika kama mita 6 pasipo ukuta. Simu iliyofungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, mtoto akiwa darasa la mbali, haitapiga kengele ya sukari kushuka. Itakachopiga, baada ya dakika 20, ni kengele ya kupotea kwa mawasiliano. Mwalimu aelezwe tofauti ya kengele hizo mbili, na kwamba mtoto anayetetemeka hutibiwa hata kama skrini inasema 95.

Simu ina faida moja kubwa: kupitia programu ya LibreLinkUp, watu hadi 20 wanaweza kuona namba za mtoto kutoka mbali. Lakini simu ya mtoto lazima iwe na intaneti, na hali ya kuokoa betri inaweza kuua programu kimyakimya. Zima sasisho za kujiendesha za mfumo wa simu, kwa kuwa toleo jipya linaweza kuwasili kabla programu ya Libre haijathibitishwa kufanya kazi nalo. Kwa mtoto wa chini ya miaka 10 tungechagua kisomaji: hakina michezo, hakipigiwi simu. Kisomaji hicho pia ni glukometa, na nje ya Marekani hupokea vijiti vya kupimia ketoni za damu, yaani asidi ambazo mwili hutengeneza unapochoma mafuta kwa kukosa insulini. Hili la ketoni si dogo, kwa sababu sensa haizioni kabisa. Mtoto anayetapika, au aliyebaki juu ya 250 (14 mmol/L), apimwe ketoni: kuanzia 0.6 mmol/L ni kuangaliwa kwa karibu, 1.5 ni kumpigia daktari simu, 3.0 ni hospitali mara moja.

Usiku. Hapa kifaa kinalipa deni lake lote, na hapa pia kinachosha. Mtoto akilalia mkono wenye sensa, majimaji hubanwa, namba inadondoka na kengele inalia saa tisa usiku. Utaitambua kwa mchoro: mstari ulikuwa umetulia, umeporomoka kama ukuta, na unarudi dakika chache baada ya kumgeuza. Mgeuze, subiri, na kama bado una shaka toboa kidole. Usimpe sukari kwa kengele peke yake, ila usiipuuze pia, hasa usiku unaofuata siku ya michezo mingi, kwani misuli huendelea kuvuta glukosi kwa saa nyingi baadaye.

Sensa hukumbuka namba za saa 8 tu zilizopita. Mahali ambapo programu haijasasishwa kutuma namba yenyewe, ukisoma saa tatu usiku na kurudi saa kumi na mbili asubuhi, muda wa saa nzima umepotea kwenye mchoro. Kengele ya chini huwekwa kati ya 60 na 100, ya juu kati ya 120 na 400. Kwa wiki mbili za mwanzo tunashauri 75 chini na 270 juu. Anayeanza na 180 juu atazima kengele zote kabla ya sensa ya kwanza kwisha.

Vitamini C zaidi ya miligramu 500 kwa siku hupandisha namba kwa uongo na inaweza kuficha anguko, kwa hiyo soma lebo za vidonge vya mafua. Maelekezo ya awali yalitaka sensa itolewe kabla ya kupigwa picha ya MRI, CT au eksirei; soma yaliyokuja na sensa yako.

Anayeweza kupata Libre 3 kwa masharti yaleyale achukue hiyo: kipenyo milimita 21, unene 2.9, na namba huja bila kuisogelea. Vinginevyo Libre 2 inatosha, mradi boksi la vijiti vya damu lisikauke nyumbani. Sensa ikifa kabla ya siku 14, usiitupe. Andika namba yake ya mfululizo (serial number), ujumbe wa kosa na siku uliyoibandika, kisha wasiliana na huduma kwa wateja ya mtengenezaji, kwa kuwa wanaweza kuitaka irudishwe kabla ya kutoa nyingine.