Nissan Leaf au Renault Zoe: ipi itakufikisha mbali?

Kati ya magari haya mawili ya umeme, kwa mbio Leaf yenye betri ya kWh 40 (kilowati-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa) inaongoza. Mota yake ya kilowati 110 huifikisha kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 7.9, Zoe R135, yenye kilowati 100, huhitaji sekunde 9.5. Ukitaka kulipita lori, tofauti utaihisi.

Umbali ni habari nyingine. Betri ya Zoe ni kWh 52, na kwa WLTP, kipimo rasmi cha Ulaya cha umbali kwa chaji moja, hufika karibu kilomita 390. Leaf hukomea 270.

Kwenye chaji ndipo ninapoitetea Zoe kwa moyo wote. Hupokea hadi kilowati 22 za umeme wa AC (umeme wa kawaida kama wa majumbani), hivyo nguzo za chaji za mitaani Ulaya zenye nguvu hiyo huijaza kwa takriban saa tatu. Leaf, kwa kilowati 6.6, huchukua zaidi ya saa saba. Chaji ya haraka zote hufika kama kilowati 50, lakini Leaf hutumia plagi ya CHAdeMO, inayozidi kuadimika Ulaya, na betri yake haina mfumo wa kuipoza. Ikishapata moto safarini, chaji ya pili huenda mwendo wa kinyonga. Anayenunua Zoe iliyotumika akague kwanza kama ina tundu la CCS, la chaji ya haraka, maana kwa matoleo mengi lililipiwa zaidi.