Wi-Fi haipandi mlima: miezi minane na antena nne za loco M5

Kitongoji chetu kiko nyuma ya kilima. Ukisimama uani kwangu huioni shule ya msingi, ingawa kengele yake unaisikia vizuri. Shuleni ndiko intaneti inakoingilia, na wazazi tulikubaliana kuchangia ili jioni kaya za karibu nazo zitumie. Waliojenga upande wa shule walifaidi siku ileile. Sisi wa nyuma tukaendelea kununua bando.

Hapa ni Lushoto. Anayeijua Usambara anajua barabara zetu zinavyojikunja, kwa kuwa njia ya kunyooka haipo. Mawimbi yana shida hiyohiyo, tena yenyewe hayajui kupiga kona.

Nilianza kwa kupoteza pesa. Nilinunua kiboksi cha kuongeza nguvu ya Wi-Fi, muuzaji akiniapia kwamba kinapenya kuta tatu. Kuta labda, lakini udongo na mawe ya kilima kizima, hapana. Kisha nikasimamisha mlingoti wa mianzi juu ya paa, mita sita, nikapata mawimbi ya -88. Kipimo hicho husomwa kwa kuangalia sifuri: namba ikiikaribia, mambo ni mazuri. Kwenye -60 unastarehe. Kwenye -88 ujumbe wa maandishi unatoka ukipenda wenyewe.

Fundi mmoja kijana kutoka Tanga alikuja kwa shughuli nyingine, akautazama mlingoti wangu, akacheka. "Kaka, acha kupigana na mlima. Uzunguke."

Kuzunguka maana yake ni kutafuta mahali pa tatu panapoona pande zote mbili, ukaweka hapo kituo cha kupokea na kurusha upya. Hatukuwa na chombo cha kupimia. Mwanangu alisimama uwanja wa shule na kioo cha kunyolea akimulika jua, mimi nikatembea mgongoni mwa kilima nikitafuta mahali ambapo ninauona ule mwanga na paa langu la bati pia. Nilipapata kwenye shamba la maharage la mzee mmoja, naye akawa ananitazama muda mrefu bila kusema kitu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umepoteza mbuzi?"

Nilimweleza. Swali lake la kwanza lilikuwa radi, na sikumdanganya: nguzo ya chuma juu ya kilima lazima ichimbiwe fimbo ya shaba na kuunganishwa ardhini, na hata hivyo antena si salama kwa asilimia mia. Alitaka taa tatu za sola, na mjukuu wake naye aunganishwe. Tukapeana mikono.

Sasa kuhusu vifaa vyenyewe. Nilichukua antena nne za NanoStation loco M5, za kampuni ya Ubiquiti, zilizokwishatumika: moja shuleni, mbili kwa babu, moja kwangu. Ni kitu kidogo, kina uzito wa kama gramu 180, unakifunga kwenye bomba kwa vibanio vya plastiki. Nguvu ya antena yake ni dBi 13 (kipimo cha jinsi inavyoyakusanya mawimbi upande mmoja) na inatumia masafa ya GHz 5. Kwanini mbili kwa babu? Redio moja haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja, hivyo ukiitumia peke yake kupokea na kurusha upya, kasi inapungua karibu nusu. Ukiwa na mbili, moja inaitazama shule, nyingine inanitazama mimi, kila moja na chaneli yake. Zina tundu moja tu la waya, kwa hiyo nilidhani nahitaji kununua swichi ya mtandao, ile ya kugawa waya mmoja. Sikuhitaji: kila antena ina kiboksi chake kinachoipelekea umeme kupitia waya uleule wa mtandao, na viboksi vya antena mbili huunganishwa kwa waya mfupi kwenye matundu yao ya mtandao (yameandikwa LAN), basi.

Lililonisumbua wiki mbili nzima ni mparachichi. Kutoka shuleni hadi kwa babu ni kama kilomita 1.4, na kwa macho njia ilikuwa wazi kabisa. Mawimbi yalikuwa yanapanda na kushuka kufuata upepo. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mawimbi hayasafiri kama uzi. Yanahitaji nafasi yenye umbo la muhogo, nyembamba kwenye ncha na nene katikati ya safari. Kwa umbali ule na masafa yale, katikati nafasi hiyo ina upana wa mita nne hivi kila upande wa mstari, na mafundi wanataka walau asilimia 60 yake isiguswe na kitu. Mparachichi wa babu ulikuwa umeingiza matawi yake humo, na majani yamejaa maji, nayo maji hunywa mawimbi. Mvua ikinyesha yakilowa, hali ilizidi kuwa mbaya. Jirani zangu walilaumu ukungu, ambao masikini hauna kosa. Kwenye GHz 5 ukungu haufanyi kitu cha kuonekana.

Kukata mti wa mtu unaozaa sikuthubutu hata kutamka. Tulihamisha nguzo hatua tano na kuiongeza mita mbili. Kipimo kikatulia kwenye -61, na kipande cha pili cha kuja kwangu, mita 900, kikasoma -57.

Umeme wa kwa babu ni wa sola. Kila antena inakula hadi wati 5.5, mbili ni 11, kwa siku nzima ni kama wati-saa 264. Nilifunga paneli ya wati 100 na betri ya volti 12, Ah 100, pamoja na kifaa cha kupandisha volti hadi 24. Betri peke yake ilinigharimu zaidi kuliko antena zote nne. Mwezi wa saba, jua lilipojificha siku tatu mfululizo, mtandao ulizimika usiku wa tatu. Ningeanza upya ningenunua paneli mbili.

Shule inapata Mbps 20, kwangu zinafika 17 au 18 usiku watu wakishapungua. Kaya sita zimeunganishwa. Binti wa jirani anafanya mitihani ya majaribio ya kidato cha nne bila kuhesabu MB. Hatuuzi huduma, anayefikiria kuuza aende kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, akaulize masharti.

Antena hizi nazipa alama nne kati ya tano. Tundu lake la waya linaishia Mbps 100, kwa kijiji si tatizo, ila mwenye intaneti kubwa atafute kingine. Na kama una vikwazo vya miti tu, bila kilima, jaribu kwanza GHz 2.4, hupita kwenye majani kwa unafuu kidogo, japo ule muhogo wake ni mnene zaidi.

Juzi nimepanda kwa babu kusafisha paneli. Chini ya shule kuna mtu amepanda mikaratusi, mistari mitatu, bado inanifika kiunoni. Nimemwomba fundi bomba lingine la mita tatu.