Uzoefu wangu na santuri ya The Shaggs: nilidhani mashine imeharibika

Mara ya kwanza nilipoiweka santuri hii niliinuka kwenda kuangalia sindano. Nilidhani imejaa vumbi, au mkanda wa mashine umelegea. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Bendi ndivyo inavyopiga.

The Shaggs walikuwa ndugu watatu, wasichana, kutoka Fremont, mji mdogo wa New Hampshire, Marekani: Dot Wiggin gita la solo, Betty gita la rithimu, Helen dramu. Wazo la bendi halikuwa lao. Bibi yao aliwahi kumsoma kiganja baba yao, Austin, akamtabiria kwamba mabinti zake wataunda bendi itakayovuma. Mzee akashika hilo. Akawatoa shule, akawanunulia vyombo, ikawa mazoezi kutwa. Jumamosi usiku wanapiga kwenye ukumbi wa mji, watu wanacheza. Mwaka 1969 akawapeleka studio ya Fleetwood kule Revere, Massachusetts, wakarekodi santuri hii, Philosophy of the World. Zilichapwa nakala 1,000, na inasimuliwa kwamba 900 zilitoweka hivi hivi. Tungeisikilizia wapi kama kampuni ya santuri ya Rounder wasingeitoa upya 1980, baada ya jamaa wa bendi ya NRBQ kuipigia debe?

Siku mbili za mwanzo nilicheka tu. Magita hayajatuniwa, mdundo unachechemea. Mdogo wangu alipita sebuleni akauliza, “Dada, hawa wanafanya mazoezi au ndiyo wimbo wenyewe?”

Siku ya tatu nikavaa hedifoni, nikarudia ule wimbo wa paka anayeitwa Foot Foot. Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Fuata gita la solo peke yake: kila silabi anayoimba Dot, gita linaitamka pamoja naye, noti kwa noti. Neno likiwa refu, mstari unarefuka. Likiwa fupi, unakatika, na hesabu ya nne kwa nne, ile midundo minne ya kawaida ya wimbo, mtajijua wenyewe. Betty anaingia naye palepale, wanavuta pumzi pamoja, wanateleza pamoja. Mtu anayebahatisha hawezi kuteleza mahali pamoja na mwenzake wimbo mzima. Hawa walijifunza hivi, wakarudia mpaka ikawaingia. Helen ndiye yuko safari nyingine, anapiga dramu kama mtu anayetwanga huku akiwaza ya kwake, na mwisho wa ubeti anaweza kuwakuta wenzake au asiwakute.

Upande wa maneno sina hakika kama niliupenda au uliniuma. Kuna wimbo mmoja unawasifu wazazi, kwamba hao ndio wanaotujali kweli. Ukishajua nani aliyewatoa shule, huwezi kuusikiliza kwa kucheka. Austin alifariki 1975, na mabinti wakaweka vyombo chini.

Kuhusu bidhaa yenyewe: yangu ni toleo lililochapwa upya, siyo ile ya 1969, hiyo waachieni wenye pesa zao. Muuzaji aliituma kwenye bahasha laini bila kadibodi, kona ya jalada ikaja imekunjika. Sahani nayo imepinda kidogo, na ilinichukua wiki nzima kugundua. Kwa bendi nyingine yoyote ningejua ndani ya dakika moja. Nilipolalamika nikaambiwa niirudishe nipewe nyingine, lakini nilishaizoea, nikaiacha.

Nyota ngapi? Nne. Kama unatafuta cha kuwawekea wageni, pita mbali, watakuaga mapema. Kama unaweza kukaa nayo peke yako, anza upande wa kwanza na usiruke wimbo, ni kama nusu saa tu jumla.

Mdogo wangu, yule yule, juzi nimemkuta jikoni anaosha vyombo huku anaimba ya paka. Anagonga sufuria kumfuatisha Helen. Bado inamshinda.