Darubini kwanza, kamera baadaye: cha kununua ukitaka kusafiri kutazama ndege

Watu wengi wakishanogewa na mambo ya kutazama ndege kitu cha kwanza wanakimbilia kamera, tena ile yenye lenzi kama bomba, halafu wakifika porini hata kumuona huyo ndege ni shida, sembuse kumpiga picha. Mi namba moja naweka darubini, ile ya macho mawili, na sibishani na mtu.

Chukua ya 8x42. Hiyo 8 ni mara inazovuta, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, sasa gawa 42 kwa 8 unapata 5.25, ndo upana wa duara la mwanga linalofika jichoni, na ndo maana alfajiri ndege wakiwa wamechangamka bado unaziona rangi vizuri. Ya 10x42 inavuta zaidi ila duara linashuka mpaka 4.2, eneo unaloona linakuwa finyu na mkono ukitetemeka kidogo tu ndege anacheza ngoma humo ndani. Ufukweni au ziwani ambako ndege wako mbali, sawa, 10 inafaa, lakini msituni kale kandege kadogo ka kahawia kanakorukaruka kwenye majani utakatafuta mpaka kaondoke. Mvaa miwani hakikisha unaona picha nzima hata jicho likiwa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye kioo, la sivyo utakuwa unachungulia kama kwenye tundu la ufunguo. Na zile ndogo zilizoandikwa zumu mpaka 60 achana nazo kabisa, ni giza tupu na mtetemeko.

Ya pili ni kamera ya bridge, yaani lenzi haitoki, mzigo mmoja umemaliza. Nikon P950 lenzi yake inaanzia sawa na milimita 24 mpaka 2000 (namba ikipanda ndo inavuta zaidi), na uzito wake ni kilo moja hivi. Picha za kutundika ukutani usitegemee sana, sensa yake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo na mwanga ukipungua picha inajaa chengachenga, ila kwa picha ya ushahidi, ile ya kukaa jioni ukalinganisha mdomo na miguu na kitabu, haina mpinzani. Sony RX10 IV inaishia 600 ila sensa yake ni kubwa zaidi na fokasi inamkamata ndege anayeruka, mi ningepewa nichague ningechukua hiyo. Halafu ujue saa saba mchana jua kali, hewa inachemka na ndege wa mbali anatoka kama yuko ndani ya maji, hapo hakuna kamera itakayokusaidia, sogea karibu au subiri jioni.

Mirrorless, yaani kamera ya kubadilisha lenzi isiyo na kioo cha kuakisi ndani, pamoja na lenzi ya milimita 100-400 naiweka ya tatu, na najua kuna watakaonuna. Picha zake ni nzuri kweli, kamera nyingi za aina hii siku hizi zinafuata jicho la ndege zenyewe, na Canon RF 100-400 ina gramu 635 tu, ukiifunga kwenye bodi ya Canon yenye sensa ya ukubwa wa kati iitwayo APS-C, ile 400 inakuwa kama 640. Ila hela inatoka mara mbili, bodi na lenzi, na kwenye 400 tundu la lenzi linabana mpaka f/8, mwanga unaingia kidogo, kwa hiyo msituni utapandisha ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) mpaka ukome. Kama picha ndo zinakutoa nyumbani basi ipandishe ya pili. Lenzi nzito zaidi ya hapo mi nilishabeba safari moja, siku ya tatu ikabaki chumbani.

Teleskopu na stendi yake ni ya mwisho, labda uwe unafuata ndege wa ufukweni tu.

Programu ya simu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell, inayotambua ndege kwa sauti au picha, ni bure, sijaipa namba. Pakua data za unakoenda kabla hujaondoka maana porini mtandao hamna, na ikisema imesikia ndege fulani mtafute umuone kwa macho kwanza ndo uandike, huwa inakosea. Na usisahau betri ya ziada.